INJINI KUUKUU IKIANZA KUGONGA: SIKILIZA, TAFUTA KITABU, NDIPO UFUNGUE

Somo la mara hii tumelitayarisha kwa ajili ya vikundi vyenye mashine ya pamoja: trekta ya kulimia, foklifti ya kupanga magunia ghalani, ama injini ya kusagia unga. Mashine za namna hii hufika kwetu Bahati zikiwa tayari zimefanya kazi mahali pengine kwa miaka mingi, na mara nyingi hufika bila kitabu chake.

Shida huanza hivi. Mwezi wa pili unaingia, mvua ndefu inakaribia, watu wamekwisha kulipia kulimiwa, na injini inaanza kugonga. Fundi anaitwa. Anasikiliza dakika mbili, anatikisa kichwa, anasema, "Hii imekufa, ni kufungua yote." Kamati inatoa akiba ya mwaka mzima. Injini inashushwa na kukaa vipande vipande chini ya mti mpaka mvua inapita na mashamba hayajalimwa. Pengine ubovu ulikuwa ni injekta moja tu. Pengine fundi alisema kweli, lakini hapakuwa na mtu wa kamati aliyeweza kujua. Mithali 18:13 inamlaumu mtu mwenye haraka ya kujibu. Tunaona onyo hilo linamhusu fundi, na kamati pia.

USALAMA KWANZA

Usisikilize injini ndani ya ghala lililofungwa, kwa maana moshi wake unaua. Toa mashine nje. Kama ni foklifti, shusha uma wake mpaka chini, vuta breki, weka vizuizi kwenye magurudumu. Mtu yeyote asipite wala kusimama chini ya uma ulioinuliwa, hata kwa dakika moja. Kama ni trekta, shusha jembe chini. Anayesikiliza asivae leso, skafu, tai wala koti lenye mikono mipana, kwa sababu feni na mkanda wake havina huruma.

MASWALI MATATU KABLA YA SPANA

Kabla ya kugusa nati yoyote, dereva na fundi wakae wajibu maswali haya, na mtu mmoja aandike.

1. Sauti inatokea lini? Injini ikiwa baridi tu, ama hata ikipata moto? Ikiwa imesimama bila mzigo, ama inapovuta? Trekta inaweza kunyamaza kimya uwanjani halafu ikagonga ikipanda na tela la viazi kutoka Dundori. Sauti ya namna hiyo hutaisikia ukiwa uwanjani peke yake.

2. Inatoka wapi? Chukua bisibisi ndefu, weka ncha yake kwenye chuma cha injini na kipini karibu na sikio. Sogeza pole pole: juu kwenye kifuniko cha valvu, katikati kwenye silinda, chini karibu na sampu ya oili, kisha mbele kwenye pampu ya maji na alteneta. Penye kasoro sauti huwa kali zaidi. Angalia tu mkono usikaribie feni.

3. Inaenda kwa mwendo gani? Valvu hufunguliwa na kamshafti, na kamshafti huzunguka mara moja wakati krankshafti imezunguka mara mbili. Kwa hiyo mlio wa valvu ni mwepesi na hauna haraka, ni nusu ya mwendo wa injini. Mgongo unaokwenda sawasawa na krankshafti huelekea kutoka sehemu za chini.

SAUTI NA MAANA YAKE

Mlio mwepesi wa tak-tak-tak kutoka juu: mara nyingi nafasi ya valvu imekuwa kubwa. Hiyo ni kazi ya kupima na kurekebisha, si ya kushusha injini.

Mlio mkali wa chuma kutoka silinda moja, pamoja na moshi mweusi au mweupe: shuku injekta. Kumbuka kwamba kila injini ya dizeli hugonga kidogo asubuhi ikiwa baridi.

Mlio unaosikika baridi na kupungua injini ikipata moto: pengine pistoni imeanza kucheza ndani ya silinda. Ni uzee. Inaweza kuendelea kufanya kazi huku mkijiwekea pesa, mradi haili oili kupita kiasi.

Mgongo mzito wa chini, du-du-du, unaozidi mzigo ukiwa mkubwa, na geji ya oili inashuka: hapa hakuna mjadala, zima injini. Yawezekana ni beringi za konrodi au za krankshafti. Ukiendelea hata nusu saa, konrodi inaweza kutoboa bloku, na hapo hakuna cha kutengeneza tena.

Kelele za mbele za kukwaruza au kulia: zima injini, toa mkanda wa feni, washa tena kwa muda usiozidi dakika moja. Kelele ikipotea, kasoro iko kwenye mkanda, alteneta au pampu ya maji. Injini haina kosa.

Kelele inayobadilika ukikanyaga klachi: tazama beringi ya klachi.

Kwa foklifti kuna moja zaidi. Kama mlio unakuja unapoinua mzigo tu, na ni wa kulia kama nyuki, shuku haidroliki: oili ya haidroliki imepungua, ama pampu inavuta hewa. Watu wamewahi kufungua injini nzima wakati kelele inatoka kwenye pampu ya pembeni.

JARIBIO LA SILINDA MOJA MOJA

Jaribio hili ni la injini za zamani zenye pampu ya dizeli ya kawaida. Zile za kisasa zinazoongozwa na kompyuta msizifanyie hivi kamwe, kwa sababu nguvu ya dizeli kwenye mabomba yake ni kubwa mno.

Vaa miwani. Acha injini izunguke taratibu. Funika nati ya bomba la injekta ya kwanza kwa kitambaa, kisha ilegeze kidogo tu mpaka dizeli ivuje. Silinda hiyo sasa haipati mafuta. Sikiliza, kisha kaza na uende kwa inayofuata. Usiweke kidole mbele ya dizeli inayotoka. Inaweza kupenya ngozi kama sindano, na jeraha hilo huonekana dogo lakini ni la kwenda hospitali saa hiyo hiyo, si la kufunga kitambaa na kungoja kesho.

Ukilegeza moja na injini isibadilike kabisa, silinda hiyo haikuwa ikifanya kazi hata kabla. Ukilegeza moja na mgongo ukapotea au kupungua, umepata silinda yenye shida, lakini bado hujajua kama ni injekta ama ni beringi. Basi zima injini, toa injekta hiyo, uibadilishane na ya jirani, ukitumia washa mpya za shaba na usafi mwingi. Washa tena. Mgongo ukihamia kwa jirani, ni injekta: ipeleke ikapimwe. Mgongo ukibaki pale pale, hapo sasa fundi ana haki ya kuzungumza juu ya kufungua.

Jambo jingine dogo: chomoa kijiti cha kupimia oili, ukitazame na kukinusa. Ikiwa oili imepanda badala ya kushuka, ni nyepesi na inanuka dizeli, kuna mahali mafuta yanavuja ndani. Kwenye injini nyingi za zamani, ngozi ya ile pampu ndogo ya kuvuta dizeli ikipasuka huleta hali hiyo. Oili iliyochanganyika na dizeli hailindi beringi. Spea ndogo kama hiyo, ikiachwa, huua injini yote.

KITABU: TAFUTA KWA NAMBA YA INJINI, SI KWA RANGI YA MASHINE

Vitabu ni vya aina tatu, na watu huvichanganya. Kuna cha dereva, kinachoeleza jinsi ya kuendesha na kubadilisha oili. Kuna cha karakana, chenye vipimo, nguvu ya kukaza nati na utaratibu wa kufungua. Na kuna cha spea, chenye picha na namba za kila kipande. Anayetafuta sababu ya mgongo anahitaji hicho cha karakana.

Wengi wakikosa kitabu cha foklifti yao huacha kutafuta. Lakini kampuni nyingi za mashine hazikutengeneza injini zake zenyewe. Chukueni Perkins. Kampuni hiyo ilianzishwa Peterborough, Uingereza, mwaka 1932. Mwaka 1959 ilinunuliwa na Massey Ferguson, na ndiyo maana trekta nyekundu tulizozizoea zina injini ya Perkins. Massey Ferguson 135 ya dizeli ina AD3.152, yaani silinda 3 zenye ujazo wa inchi 152 za mraba wa tatu, kama lita 2.5. Ndugu yake mkubwa ni 4.236, silinda 4, karibu lita 3.9. Hiyo 4.236 iliwekwa katika trekta, foklifti, jenereta na mashine za ujenzi. Kwa hiyo mwenye foklifti isiyo na kitabu, lakini ina 4.236, anaweza kufanya kazi ya injini kwa kitabu cha 4.236 kilichokaa kwa mwenye trekta. Cha mlingoti, minyororo na haidroliki atatafuta kando, kwa jina la mashine yenyewe.

Safisha ubavu wa bloku kwa brashi na dizeli mpaka namba ionekane. Iandike yote, herufi kwa tarakimu, na uipige picha kwa simu. Namba za Perkins zinazoanza na LD ni za 4.236. Za zamani zaidi zilianza na ule ujazo wenyewe, kama 236 au 152. Kibati cha foklifti nacho husema mengi: kwa Toyota, FD25 maana yake ni ya dizeli na huinua tani 2.5, na FG25 ni ya petroli.

Kwa nini vipimo viwe vya kitabu? Kwenye 4.236 nafasi ya valvu ni milimita 0.30 injini ikiwa baridi, na silinda huwaka kwa mpango wa 1-3-4-2. Ukichukua vipimo vya injini nyingine kwa sababu "zote ni dizeli", utaiachia kelele ama utachoma valvu.

WAPI PA KUULIZA

Anzeni kwa muuzaji halali wa spea za injini hiyo, mkiwa na namba mkononi. Ulizeni pia walimu wa ufundi: Nakuru tuna Rift Valley National Polytechnic, na Njoro kuna Chuo Kikuu cha Egerton chenye uhandisi wa kilimo. Wazee waliofanya kazi kwenye mashamba makubwa na maghala huwa wameweka vitabu ndani ya sanduku, na hufurahi kuulizwa. Vijana wenye simu watafute kwenye intaneti kwa namba ya injini, lakini wasilipe kabla ya kuona kurasa chache na kuhakikisha aina ni ile ile. Mkikipata, toeni nakala ya kurasa za vipimo, muzitie ndani ya plastiki, zikae na mashine. Kitabu chenyewe kikae kwa mwandishi wa kikundi.

KAMATI IFANYE NINI

Kila mashine iwe na daftari: saa ilizofanya kazi, siku ya kubadilisha oili, na kila sauti mpya na tarehe yake. Pesa za kufungua injini zisitoke mpaka fundi ameonyesha jaribio alilofanya na matokeo yake mbele ya watu wawili wa kikundi. Fundi mzuri hatakasirika, maana hilo linamlinda yeye pia. Spea iliyotolewa irudishwe kwa kikundi iangaliwe. Na kwa wenye foklifti, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inahusu mashine za kuinua mizigo. Injini kunyamaza hakumaanishi mnyororo na mlingoti viko salama. Mwiteni mkaguzi aliyeidhinishwa.

Dereva naye asiogope kusema. Vikundi vingine humkata mshahara dereva anayeripoti kasoro, na matokeo yake dereva huongeza sauti ya redio ili asisikie mgongo. Yule anayesimamisha trekta shambani na kusema "leo sauti si ya jana" amewaokolea akina mama na wazee mavuno yao. Mshukuruni mbele ya mkutano.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Je, namba ya injini ya mashine yetu iko wapi? Nani ameiandika?
2. Mara ya mwisho tulipolipa fundi, alituonyesha jaribio gani?
3. Dereva wetu akisikia sauti mpya leo, atamwambia nani, na atajibiwa vipi?
4. Someni Luka 14:28-30 juu ya kuhesabu gharama. Tuna akiba ya kumaliza kazi kama injini ikifunguliwa, ama tutaanza na kuishia njiani?

Tunawatakia msimu mwema wa kulima. Bwana abariki kazi ya mikono yenu.