SOMO LETU: BILBI WA JANGWANI

Katika toleo hili tunajifunza juu ya bilbi, mnyama wa majangwa ya Australia.

Bilbi ni nani?
Ana ukubwa wa sungura na masikio marefu, lakini si jamaa ya sungura. Yumo katika kundi la wanyama wanaolea watoto mfukoni, pamoja na kangaruu na koala. Mimba yake huchukua siku 14 hivi tu. Mtoto huzaliwa mdogo mno, kisha hukulia mfukoni kwa siku zipatazo 80. Mdomo wa mfuko umeelekea nyuma, ili mama anapochimba, udongo usimwingilie mtoto.

Anaishije jangwani?
Mchana hujificha shimoni, hadi meta 2 chini ya ardhi, mbali na joto. Usiku hutafuta wadudu, mbegu na mizizi; maji huyapata katika chakula hicho. Kuchimba kwake huchanganya majani makavu na udongo, na mashimo yake huwahifadhi wanyama wengine, kama yale ya mhanga hapa kwetu.

Nini kilimpata?
Zamani alienea karibu asilimia 70 ya Australia. Leo amebaki katika sehemu ndogo ya eneo hilo. Walowezi kutoka Ulaya walileta paka, sungura na mbweha. Sungura walioachiliwa mwaka 1859 kwa ajili ya kuwindwa walizaana mno, wakamaliza majani. Paka na mbweha wakamla bilbi. Ndugu yake, bilbi mdogo, ametoweka kabisa duniani.

Tunajifunza nini?
Walioleta sungura hawakukusudia kuharibu jangwa, hawakuwauliza waliolijua. Leo wenyeji asilia wa Australia, wanaotambua nyayo za bilbi mchangani, ni miongoni mwa wanaomlinda: huwinda paka na kuchoma nyasi kidogo kidogo ili moto mkubwa usizuke. Nasi tunapopeleka mbegu au mifugo mipya kijijini, tuanze kwa kuwasikiliza wazee wa hapo. Msaada usioulizia unaweza kugharimu kuliko ukosefu wake.

Maswali ya kujadili (soma Mwanzo 2:15)
1. Ni kitu gani kililetwa katika usharika wetu bila wenyeji kuulizwa? Matokeo yalikuwaje?
2. Kabla ya mradi ujao, tutamwuliza nani kwanza?