Kukadiria Maisha ya Bomba la Zege

Watu wengi hudhani kwamba bomba la majitaka huliwa na maji yapitayo chini yake. Kwa kweli huliwa zaidi juu, mahali ambapo maji hayafiki. Mwaka 1945, C. D. Parker, aliyechunguza mabomba ya Melbourne, Australia, alionyesha kwamba wahusika ni bakteria.

Katika utelezi ulio chini ya maji, pasipo oksijeni, bakteria wa namna moja huigeuza salfeti kuwa haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai viza. Gesi hupanda hadi kwenye dari ya bomba yenye unyevu, ambako bakteria wa namna nyingine huigeuza kuwa asidi ya salfuri.

Richard Pomeroy wa Marekani alitoa kanuni hii:

c = 11.5 × k × F ÷ A

Hapa c ni milimita za zege ziliwazo kwa mwaka. K ni sehemu ya asidi inayofanya kazi juu ya zege. F ni gramu za gesi zinazofyonzwa na mita moja ya mraba kwa saa. Na A ni kipimo cha uwezo wa zege kuitangua asidi.

Tuchukue k kuwa 0.8 na F kuwa 0.05. Zege la kokoto za matale, lenye A ya 0.2, hupoteza milimita 2.3 kwa mwaka. Zege la kokoto za chokaa, lenye A ya 0.9, hupoteza milimita 0.5 tu. Nondo zilizofunikwa kwa milimita 25 zitafikiwa baada ya miaka 11 katika bomba la kwanza, na karibu miaka 50 katika la pili.

Makadirio hayo ni ya wastani. Utosini mwa bomba ulaji huzidi. Hata hivyo, ni heri kuchagua kokoto leo kuliko kungoja barabara ititie.