Je, kupimwa mkojo kwaweza kuthibitisha kwamba bondia hatumii dawa?

Baada ya pambano kubwa la ndondi za kulipwa, mashabiki husikia habari hii mara kwa mara: "Bondia amepimwa na hakupatikana na dawa." Wengi huamini kwamba hapo shaka imekwisha. Je, ni kweli?

Swali hili linahusu afya kuliko michezo. Mkimbiaji anayetumia dawa za kututumua misuli humpokonya mwenzake medali. Bondia anayezitumia huweza kumtia mwenzake kilema cha ubongo, au hata kumwua.

Tuchukue mfano mmoja. Mnamo Septemba 13, 2003, mjini Las Vegas, Marekani, Shane Mosley alimshinda Oscar De La Hoya kwa pointi. Alipimwa na hakupatikana na kosa. Miezi mitatu baadaye, alikiri mbele ya jopo la uchunguzi la mahakama kwamba kabla ya pambano hilo alikuwa ametumia homoni ya EPO na dawa nyingine mbili kutoka maabara ya BALCO huko California. Alisema hakujua kwamba zilikuwa zimepigwa marufuku. Basi ilikuwaje akapita?

Sababu tatu

Kwanza, maabara hupata tu kile inachokitafuta. Moja ya dawa za BALCO, iliyoitwa THG, ilitengenezwa makusudi isitambulike. Wapimaji waliijua tu mwaka huo wa 2003, baada ya kocha mmoja wa riadha kuwapelekea bomba la sindano lenye mabaki yake. Habari hizo zilitangazwa Oktoba, pambano likiwa limekwisha.

Pili, dawa haikai mwilini milele, ilhali faida yake hudumu. EPO ni homoni ambayo figo huitengeneza ili kuamrisha uboho wa mifupa uzalishe chembechembe nyekundu za damu, zinazobeba oksijeni. Ile ya maabara ilitengenezwa kwa ajili ya wagonjwa, hasa wa figo. Ikitumiwa kwa kiasi kidogo, dalili zake huweza kutoweka baada ya siku chache au hata mapema zaidi. Chembechembe zilizozalishwa huishi kwa wiki nyingi. Kwa hivyo anayepimwa usiku wa pambano pekee ana nafasi nzuri ya kuponyoka.

Tatu, baadhi ya vitu hivi vimo mwilini mwa kila mtu. Testosteroni, homoni ya kiume, ni mfano. Wapimaji huilinganisha na homoni nyingine inayofanana nayo, na uwiano ukizidi nne kwa moja uchunguzi zaidi hufanywa. Mjanja hujidunga kiasi kidogo na kubaki chini ya kiwango hicho.

Kipimo pia chaweza kuzua shaka kwa upande wa pili. Mwaka 2018, Saul "Canelo" Alvarez wa Mexico alipatikana na clenbuterol. Alisema aliipata katika nyama, na ni kweli kwamba baadhi ya wafugaji nchini humo wamekuwa wakiwapa ng'ombe dawa hiyo ili kupunguza mafuta. Hata hivyo alifungiwa miezi sita. Kipimo huonyesha kwamba kitu kimo mwilini, hakisemi kiliingiaje.

Hatari kwa mtumiaji

EPO huongeza uzito wa damu. Damu nzito huweza kuganda ndani ya mishipa na kuleta kiharusi au mshtuko wa moyo. Bondia yumo hatarini zaidi, kwani wengi hujinyima maji ili kupunguza uzani kabla ya kupimwa kwenye mizani, na upungufu wa maji nao huifanya damu kuwa nzito. Testosteroni ya kujidunga huweza kunyausha korodani, kupunguza mbegu za kiume na kudhuru moyo.

Je, kupima hakuna maana?

Kuna maana kubwa, mradi kufanywe ipasavyo: bila taarifa, mwaka mzima, mkojo pamoja na damu, na sampuli zihifadhiwe ili zipimwe tena mbinu mpya zikipatikana. Mnamo Machi 2019, Jarrell Miller alipimwa hivyo bila kutarajia na akapatikana na dawa tatu, EPO ikiwa mojawapo. Pambano lake na Anthony Joshua, lililopangwa kufanyika Juni 1, lilifutwa. Laiti angalisubiriwa hadi usiku wa pambano, huenda angalipita.

Tatizo ni kwamba ndondi za kulipwa hazina chama kimoja cha ulimwengu chenye mamlaka juu ya mabondia wote. Mara nyingi upimaji wa aina hii hutegemea mabondia wenyewe kukubali katika mkataba.

Kwa kijana anayefanya mazoezi, funzo ni wazi. Usikubali sindano, tembe au poda ambayo hujui imetengenezwa kwa nini, hata ukiambiwa ni vitamini. Muulize daktari au mfamasia. Sheria za michezo humtaka mwanamichezo awajibikie chochote kinachopatikana mwilini mwake.

Na kwa shabiki: ukisikia kwamba bondia "hakupatikana na dawa", uliza alipimwa lini, mara ngapi na walikuwa wakitafuta nini. Kutopatikana na dawa si sawa na kutozitumia.