Dhamana na shamba la ukoo: Mafunzo mawili kutoka Mahakama Kuu Mwanza

NDUGU msomaji, maneno "haki za binadamu" yamezoeleka midomoni mwetu, kuanzia bungeni hadi vijiwe vya kahawa vya Kirumba. Lakini ndani ya maneno hayo mna mambo mawili ambayo aghalabu tunayachanganya.

La kwanza ni uhuru wa raia, yaani mipaka ambayo dola haitakiwi kuivuka. Haitakiwi kumfunga mtu bila utaratibu, wala kumzuia kusema au kuabudu. La pili ni haki ya usawa, yaani sheria imtazame kila raia kwa jicho moja, awe mwanamke au mwanamume, na awe wa dini au kabila lolote. Katika la kwanza tunaiambia dola iondoe mkono wake. Katika la pili tunaitaka inyooshe mkono imlinde anayebaguliwa.

Wamarekani waliijua tofauti hii kwa gharama kubwa. Mabadiliko kumi ya Katiba yao, yaliyolinda uhuru wa raia na hata kukataza dhamana ya kupindukia, yalianza kutumika mwaka 1791. Pamoja na hayo, utumwa uliendelea hadi mwaka 1865. Usawa mbele ya sheria uliingizwa katika Katiba mwaka 1868, na bado ilibidi kungojea Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 ndipo mtu mweusi aweze kudai kulala hoteli moja na mzungu nchi nzima. Kumbe uhuru unaweza kuandikwa vizuri kabisa na usawa usiwepo.

Je, sisi tuko wapi? Itakumbukwa kuwa nchi yetu ilipata uhuru bila sura ya haki katika Katiba yake. Sura hiyo iliingizwa mwaka 1984, na wananchi wakaanza kuitumia mahakamani Machi 1988. Muda mfupi baadaye, kesi mbili zilizoamuliwa na Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu hapa Mwanza zikatupa mfano wa kila upande.

Kesi ya kwanza inahusu usawa. Bibi Holaria Pastory wa Muleba alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia. Mwaka 1988 aliliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Bernardo Ephraim, mtoto wa ndugu yake, akaenda mahakamani akidai kuwa kwa mila za Wahaya mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Mila hiyo ilikuwa imeandikwa serikalini tangu mwaka 1963. Februari 1990 Jaji Mwalusanya alisema kuwa mila inayombagua mwanamke haiwezi kusimama mbele ya Katiba. Hata hivyo hakuudharau ukoo. Mlalamikaji alipewa miezi sita alikomboe shamba kwa kurudisha fedha za mnunuzi, sawasawa na ambavyo ingekuwa kama muuzaji angekuwa mwanamume.

Kesi ya pili inahusu uhuru. Daudi Pete alishitakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia nguvu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu cha 148(5)(e), ilizuia dhamana kwa mashitaka ya namna hiyo. Jaji Mwalusanya akasema kifungu hicho kinavunja Katiba. Serikali ilikata rufaa, na mwaka 1991 Mahakama ya Rufani, pamoja na kutokubaliana na baadhi ya hoja za jaji, ilikubali kuwa kipengele hicho ni batili. Kilimnyang'anya mtu uhuru bila kuweka utaratibu wa haki, na kilikuwa kipana mno kiasi cha kuweza kumnasa hata asiye hatari kwa yeyote.

Lakini vipengele vingine vya kuzuia dhamana vilibaki. Mei 2020 Mahakama Kuu, katika kesi ya Dickson Sanga, ilitamka kuwa kifungu cha 148(5) kinakwenda kinyume na Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Waislamu wanaijua maana ya jambo hili bila kufundishwa. Masheikh wa Uamsho walishitakiwa kwa ugaidi mwaka 2014, wakakaa mahabusu hadi mashitaka yalipoondolewa Juni 2021. Miaka saba, na hakuna hukumu! Nani atawarudishia watoto wao miaka hiyo?

Wapo wanaosema dhamana ni kuwatetea wahalifu. La hasha! Dhamana haimfutii mtu kesi. Mshitakiwa atarudi kizimbani, na akipatikana na hatia atafungwa. Wanafunzi wa fikihi wanaijua kanuni kwamba asili ya mtu ni kutokuwa na hatia mpaka ithibiti kinyume chake. Katiba yetu nayo, ibara ya 13(6)(b), inakataza mshitakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla ya kuthibitika.

Basi tufanye nini? Kwanza, tujue kuwa kwa makosa mengi dhamana inawezekana, na dhamana ya polisi hailipiwi hata senti. Pili, misikiti yetu iwe na orodha ya wanasheria, kama ilivyo na kamati za mazishi, ili ndugu akikamatwa usiku asibaki peke yake. Tatu, tusidai uhuru wetu mbele ya dola huku tukimnyima dada yetu fungu lake la mirathi nyumbani, fungu ambalo Suratun-Nisaa imelitaja waziwazi.

Bibi yule wa Muleba na mshitakiwa yule hawakuwa watu wakubwa. Walisimama mahakamani na Katiba ikawasikia. Haki iliyoandikwa humngoja wa kuidai.

Wallahu a'lam.