Mazoea Yetu na Ugonjwa wa Saratani: Somo Kutoka Kikombe cha Chai

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba bandu bandu huisha gogo. Mwaka huu sikuandikii hadithi ya Abunuwasi wala insha ya "Siku Ambayo Sitaisahau". Nataka tusome pamoja somo moja ambalo sisi nyumbani tulilisoma tukiwa tumechelewa.

Babu yangu, ambaye sote tulimwita Awowe, alifika Dadaab mwaka 1992 akitoka Somalia, akatua kambi ya Ifo. Mzee yule alipenda vitu viwili: tumbaku ya kutafuna na chai. Chai yenyewe si mchezo! Maziwa, sukari tele, iliki na tangawizi, ikimiminwa kutoka kwenye themosi huku ikifuka moshi. Nikimwambia, "Awowe, ngoja ipoe kidogo," hunijibu, "Mjukuu wangu, chai iliyopoa ni maji ya kunawia mikono." Basi sote tunacheka, naye anapiga funda lake.

Mwaka juzi akaanza kuacha nyama. Alisema inamkwama kifuani. Baadaye hata anjera ikawa haipiti mpaka ilowekwe kwenye chai. Mwishowe akawa ni wa uji tu, na kanzu ikawa inaning'inia mwilini kama imetundikwa kwenye kamba. Wengine walisema ni uzee, wengine wakasema ni jicho la hasidi. Miezi ikapita hivyo hivyo. Tulipompeleka hospitali ya kambini akaandikiwa kwenda Garissa, nasi tukangoja kibali cha kusafiri. Huko akapitishiwa kooni mpira mwembamba wenye kamera. Jibu likawa saratani ya umio. Aliaga dunia kabla ya Ramadhani, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Umio ni ile njia inayopeleka chakula kutoka kooni hadi tumboni. Na saratani je? Neno hili tumelipata kutoka Kiarabu, ambako saratani ni kaa, yule mnyama wa baharini mwenye magando. Wagiriki wa kale nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la kaa. Mwili wetu umejengwa kwa chembe ndogo ndogo ambazo huzaliana kwa utaratibu ili kuziba pengo la zilizokufa. Saratani huanza pale chembe moja inapoharibika, ikaacha kutii utaratibu huo, ikazaana ovyo mpaka ikafanya uvimbe.

Sasa, chai inaingiaje hapa? Chai ya moto sana huunguza ngozi laini ya ndani ya umio. Mwili hukimbilia kutengeneza chembe mpya. Kesho unaunguza tena, kesho kutwa tena, kwa miaka hamsini. Ni kama mwanafunzi anayelazimishwa kunakili kitabu kile kile usiku na mchana: hatakosa kukosea mahali. Isitoshe, ngozi iliyojeruhiwa hupitisha kwa urahisi sumu nyingine, kama ile ya tumbaku.

Haya si maneno ya barazani. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kwamba vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 za Selsiasi huenda vinasababisha saratani ya umio. Angalia vizuri: kosa si la majani ya chai wala la kahawa, kosa ni la moto. Huko Golestan, kaskazini mashariki mwa Iran, ambako watu hunywa chai kama sisi, watafiti walifuata maisha ya watu wapatao 50,000 kwa miaka mingi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2019 yalionyesha kwamba waliokunywa zaidi ya mililita 700 kwa siku, ikiwa na nyuzi 60 au zaidi, hatari yao ilizidi kwa asilimia 90 ile ya waliokunywa kidogo na iliyopoa. Karibu na kwetu, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulipima chai ya watu wa Kilimanjaro, ukakuta wastani wao ni kuanza kunywa ikiwa na nyuzi 70 hivi.

Nasi tumo katika ukanda huo huo. Saratani ya umio imeenea upande wa mashariki wa Afrika, kuanzia Ethiopia, kupitia Kenya na Tanzania, hadi Afrika Kusini. Hapa Kenya ni miongoni mwa saratani zinazoua watu wengi, na Garissa huonekana mara kwa mara.

Baada ya matanga nilimwomba mwalimu wetu wa kemia kipimajoto, nikaenda nacho nyumbani. Mama aliniuliza kama nimerukwa na akili. Nikamimina chai ya themosi kwenye kikombe cha bati: nyuzi 84! Hapo ndipo Awowe alipokuwa akianza kunywa. Baada ya dakika 5 ilikuwa 74, baada ya dakika 10 ikawa 66, na baada ya dakika 15 ikafika 60. Hebu fikiri: robo saa tu. Nilikaa nikikitazama kile kipimajoto, nikanyamaza.

Lakini chai haiko peke yake. Tuyapitie mazoea mengine.

Kwanza, tumbaku. Hii haina mjadala. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 70 zinazojulikana kuleta saratani, ya mapafu, ya koo, ya umio, ya kibofu na nyinginezo. Wengi hudhani kwamba ya kutafuna ni salama maanake haina moshi. La hasha! Hiyo nayo huleta saratani ya kinywa, ya umio na ya kongosho.

Pili, miraa. Wanasayansi hawajaithibitisha kuwa inaleta saratani. Hata hivyo, mtazame mtafunaji: anashushia kwa chai ya moto, sigara haimtoki mdomoni, chakula hataki. Mgeni mmoja ameingia na jamaa zake wote.

Tatu, moshi wa kuni. Dada zetu na mama zetu hupika ndani ya vibanda visivyo na dirisha. Wataalamu wameuweka moshi huo wa nyumbani katika kundi la vitu ambavyo huenda vinaleta saratani ya mapafu. Ukiweza, pika nje au toboa tundu la moshi.

Nne, chakula. Mlo usio na mboga wala matunda hauusaidii umio. Hata mchicha wa kwenye gunia, ukimwagiwa maji ya kuoshea vyombo, huota. Nayo mahindi yaliyoota ukungu usiyachanganye na mazuri ili yasionekane. Sumu ya ukungu huo, yaani aflatoksini, huleta saratani ya ini. Na mwaka 2004 iliua watu zaidi ya 100 huko Ukambani kwa muda mfupi tu.

Je, kila anywaye chai ya moto atapata saratani? Hapana. Na wapo walioupata ugonjwa huu bila kugusa tumbaku maishani mwao. Kwa hiyo tusimnyoshee mgonjwa kidole. Mazoea huongeza hatari, si hukumu. Lakini hatari inayoweza kupunguzwa bila kutoa hata shilingi, kwa nini tuiache?

Nyumbani kwetu tumepata dawa rahisi. Mama humimina chai kwanza, kisha tunaswali Maghrib. Tukirudi tunaanza na tende, halafu chai, nayo imeshapoa vya kutosha. Asubuhi, mwenye haraka huimimina kutoka kikombe hadi kikombe mara kadhaa. Wazee walinung'unika wiki mbili, sasa wamezoea.

La mwisho, na ndilo kubwa: mtu mzima akianza kusema chakula kinamkwama, au akikonda bila sababu, usingoje. Chakula kikianza kukwama, njia imekwisha kuziba kwa sehemu kubwa. Mpeleke hospitali wiki hiyo hiyo. Sisi tulingoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wakati mwingine hata nafasi ya kuujenga huipati.

Kikombe cha Awowe bado tunacho. Mimi ndiye ninayekitumia, na kila siku ninangoja.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini mwandishi anasema kosa si la majani ya chai?
2. Taja mazoea mawili ya nyumbani kwenu yanayoweza kubadilishwa bila gharama.
3. Utamwambiaje mzee unayemheshimu aache tumbaku bila kumvunjia adabu? Andikeni mazungumzo na myaigize chamani.