Dozi ya Mkeo Ndiyo Inayokulinda

Ndugu yangu wa Kibondo,

Umeuliza kama kuna kipimo cha kujua kwamba damu yako "haishikiki", maana mkeo ana VVU na wewe kila ukipima huna. Kilichonishtua mimi umekitaja kwa kupita tu: tangu wenzako wa kijiweni waanze kukusifia damu, mama watoto naye ameanza kuruka dozi. Nitalirudia hilo baada ya kukujibu habari ya damu.

Ulichosikia redioni kuhusu damu "isiyoshikika" kina ukweli wake. Mwili ukijeruhiwa au ukivamiwa na vijidudu, chembe za mahali pale hutoa protini ndogo ziitwazo kemokaini, ambazo huita chembe nyeupe za damu zije kupambana. Ndiyo maana pale huvimba, hupata joto na kuuma. Chembe inayoitwa huupokea wito kwa kipokezi kilicho juu ya ngozi yake. Mwaka 1995 watafiti waligundua kuwa baadhi ya kemokaini, mojawapo RANTES, huzuia VVU kuingia ndani ya chembe. Mwaka uliofuata sababu ikajulikana: kipokezi kinachoitwa CCR5 ndicho mlango wa kirusi pia. Wapo watu waliorithi kutoka kwa baba na mama hitilafu inayoufuta mlango huo, na VVU huwapata kwa nadra sana.

Lakini wengi wao wana asili ya Ulaya. Kwetu Waafrika hitilafu hiyo karibu haipo, kwa hiyo usiitegemee. Hata kule Majengo, Nairobi, watafiti waliwafuatilia wanawake wanaouza ngono tangu miaka ya 1980. Wachache walikaa miaka mingi bila kuambukizwa, na bado baadhi yao waliambukizwa baadaye.

Sasa turudi kwa mkeo. Akimeza ARV, yaani dawa za kufubaza VVU, kila siku, virusi hupungua mpaka havionekani kwenye kipimo, na akifika hapo hawezi kukuambukiza kwa ngono. Utafiti wa HPTN 052, uliohusisha jozi 1,763 za wenzi katika nchi tisa, Kenya ikiwamo, ulionyesha mwaka 2011 kuwa kuanza dawa mapema kulipunguza maambukizi kwa mwenzi kwa asilimia 96. Huo uzima unaosifiwa nao kijiweni, naamini mkeo ndiye anayeutunza. Akiacha dawa, virusi vitapanda, yeye ataugua na wewe utakuwa hatarini.

Nendeni CTC, kliniki ya tiba na matunzo ya VVU, pamoja wiki hii. Ulizeni wingi wa virusi vyake, na mpaka jibu lije tumieni kondomu. Wewe uliza habari za PrEP, dawa ya kinga kwa asiye na VVU. Kama msimu wa maharage ndio unaomkwamisha kwenda kliniki, amweleze mhudumu waziwazi. Mgonjwa aliyetulia na dawa huweza kupewa za miezi kadhaa.

Na kile kidonda cha sehemu za siri ulichokiandika mwishoni kwa aibu, kionyeshe hukohuko. Kidonda huita chembe zenye CCR5 zijazane palepale, yaani milango inaongezeka mahali kirusi kinapopita. Mkoani Mwanza, utafiti uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kuwa kuboresha tiba ya magonjwa ya ngono vituoni kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa karibu asilimia 40.

Leo jioni, kabla ya yote hayo, mwombe mkeo radhi kwa majivuno yale, na umsihi ameze dozi ya leo hata kama ya jana aliiruka.