Kosa la Kwanza Ndilo la Kusomwa

Maktaba ya programu ni hazina ya maagizo ambayo programu nyingine huyaazima. Mwaka 2016, toleo 1.1.0 la maktaba iitwayo OpenSSL liliificha miundo yake mingi ya ndani. Programu za zamani zilizoigusa miundo hiyo moja kwa moja zilishindwa kutafsiriwa katika lugha ya mashine, na orodha ndefu ya makosa ikatokea.

Mwanachuo azingatie hatua tatu: asome kosa la kwanza, maana mengi yafuatayo huzaliwa nalo; atafute kilichobadilika katika toleo jipya; arekebishe mahali pamoja, kisha ajaribu tena.

Hesabu ndefu ya kugawanya husahihishwa vivyo hivyo. Mwalimu atiaye alama ya kosa kwenye jibu la mwisho tu hamwonyeshi mtoto alipopotea.